Vumbi la Bandani na Kifua cha Mfugaji

Najua saa hizi ndizo za kufungia kuku. Basi wafungie, mama, kisha usogee karibu na redio, maana mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe.

Mara nyingi tukizungumza juu ya kuku huwa tunawazungumzia kuku wenyewe. Tunazungumza juu ya kideri na chanjo yake, bei ya mayai, chakula kilichopanda bei, na kicheche aliyeingia bandani usiku. Leo nataka tumgeukie anayewafuga. Nataka tuzungumze juu ya pua yako, macho yako, na zaidi ya yote kifua chako wewe unayeingia katika lile banda kila siku.

Naanza kwa swali. Mara ya mwisho ulipokwenda kituo cha afya kwa sababu ya homa au kikohozi, kuna aliyekuuliza unafanya kazi gani? Na kama hukuulizwa, wewe mwenyewe ulisema? Ulimwambia daktari kwamba unafuga kuku, au njiwa, au bata?

Shikilia swali hilo. Nitalirudia mara kadhaa, kwa sababu ndilo lililonileta hapa leo.

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, simtaji mtu. Kuna mama mmoja ana kuku kama sitini hivi, nyuma ya nyumba, katika banda la mabati. Siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, jua bado kali, anafunga leso kichwani na kuingia kusafisha. Chini ametandaza maganda ya mpunga, nayo yamekaa wiki nyingi, yamekauka pamoja na kinyesi mpaka yamekuwa unga. Anakwangua kwa sepetu, anafagia, anajaza magunia kwa ajili ya shamba la mchicha. Banda zima linafuka vumbi. Anakohoa kidogo, anatoka nje, anapumua, anarudi. Saa kumi na moja amemaliza, ameoga, anapika.

Saa mbili usiku anaanza kuhisi baridi. Anajifunika. Anatetemeka, kisha homa inapanda, viungo vinauma, na kikohozi kikavu kinamshika, kifua kimebana. Wewe unayenisikiliza hapo Garsen, niambie, jirani akisikia habari hiyo atasema nini?

Atasema ni malaria. Na wala si kosa lake. Hapa kwetu kwenye bonde la Mto Tana, maji yakituama kila mahali na mbu wakiimba usiku kucha, homa ya kutetemeka ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mama anameza dawa alizokuwa nazo kabatini. Jumapili bado yu hoi kidogo. Jumatatu asubuhi ameamka mzima, anakwenda sokoni. Anasema, alhamdulillahi, dawa imefanya kazi.

Je, kweli dawa ndiyo iliyofanya kazi?

Hapo ndipo pana mtego, ndugu msikilizaji, na ningependa tukae hapo kidogo. Upo ugonjwa wa mapafu unaotokana na mzio, au aleji kama wengi tusemavyo, ambao huja hivyo hivyo. Humpata mtu muda wa saa nne hadi nane baada ya kuvuta vumbi la ndege. Huleta homa, baridi, kikohozi kikavu na pumzi fupi. Kisha, akikaa mbali na vumbi, hupungua wenyewe kwa siku moja au mbili. Unapungua wenyewe! Kwa hiyo chochote alichomeza mgonjwa siku ile ndicho kinachosifiwa. Akimeza dawa ya malaria, ataisifu hiyo. Akinywa mwarobaini, ataushukuru mwarobaini. Akipewa dawa za kuua bakteria, atazifuata tena safari ijayo. Mwezi ukipita, mama anasafisha banda tena, na homa inarudi. Anasema malaria ya mwaka huu ni sugu. Ndivyo mtu anavyoweza kuzunguka miaka, anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao, na ule alio nao haujatajwa hata mara moja.

Sasa tueleze kinachotokea mwilini. Ndege wote, awe kuku, bata, kanga au njiwa, hutoa vumbi dogo sana kutoka kwenye ngozi na manyoya. Ukimshika njiwa, mkono wako hubaki na unga mweupe, ndio huo. Kinyesi chao kikikauka nacho huwa vumbi. Ndani ya vumbi hilo mna protini za mwili wa ndege, mna utitiri na vinyesi vya utitiri, na mna ukungu uliomea kwenye matandiko yaliyolowa. Sehemu ya vumbi hilo ni ndogo hata jicho haliioni. Inapita puani, inapita kooni, inashuka mpaka chini kabisa, kwenye vifuko vidogo vya hewa ambako damu huchukua hewa safi.

Mwili una walinzi wake. Mfikirie kijana aliyewekwa juu ya dungu kuamia ndege katika shamba la mpunga. Kazi yake ni kuwafukuza kwelea. Lakini akiingiwa na hasira akaanza kurusha mawe ovyo kwa kila kinachopita, hata kwa yangeyange ambaye hali mpunga, mwishowe mawe yale yatauvunja mpunga wenyewe. Mzio ndio huo. Lile vumbi lenyewe si sumu. Walinzi wa mwili ndio waliolichukia, na katika kupigana nalo wanayaumiza mapafu ya mwenye mwili.

Kwa nini baadhi ya watu tu? Wapo watu wengi wanaofuga maisha yao yote, wakazeeka na kuku wao, na hawapati lolote. Mzio humchagua mtu, na mara nyingi hauji siku ya kwanza. Huja baada ya miezi, pengine baada ya miaka mingi ya kufuga bila shida. Ndiyo maana mtu husema, haiwezekani ikawa kuku, mimi nimefuga tangu utotoni. Inawezekana. Kufuga muda mrefu si kinga.

Na jambo hili halikugunduliwa leo. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwaandika mpaka wachekechaji wa nafaka na vumbi lililowaharibu kifua. Huyo ndiye aliyewahimiza madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: kazi yako ni ipi? Zaidi ya miaka mia tatu imepita, msikilizaji. Ni lile lile swali nililokuuliza mwanzoni.

Mwaka 1960, huko Ufaransa, ilielezwa homa iliyowapata wafanyakazi wa kuchambua manyoya ya bata. Mwaka 1965, huko Marekani, daktari Charles Reed na wenzake wakaeleza ugonjwa wa mapafu kwa wafugaji wa njiwa. Na nchini Mexico, madaktari wa mapafu wamewaona kwa miaka mingi wanawake wanaofuga njiwa nyumbani, wengi wao wakifika hospitali mapafu yameshaharibika. Nawataja hao wa Mexico kwa sababu wanafanana na sisi. Hawakuwa wafanyakazi wa viwandani, walikuwa kina mama wenye ndege wachache uani. Hakuna aliyewaita wafanyakazi, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba wana ugonjwa wa kazi.

Nimesema mapafu yameshaharibika, na hapo nataka unisikilize vizuri. Ile homa ya ghafla ya usiku, pamoja na ubaya wake, ina heri moja: inakushtua. Iko namna nyingine ambayo haikushtui. Mtu anavuta vumbi kidogo kidogo kila siku. Labda kuku wanalala jikoni, au tundu la njiwa liko dirishani mwa chumba cha kulala. Hapati homa kali. Anakohoa tu. Anapungua mwili taratibu. Zamani alikuwa akipanda na ndoo kutoka mtoni bila kusimama, sasa anasimama mara moja, halafu mara mbili, halafu anamtuma mtoto. Mapafu yanaota makovu ndani kwa ndani, na kovu la pafu likishakaa haliondoki. Hakuna dawa ya kulirudisha pafu lilivyokuwa.

Na huyo naye, anayekohoa na kukonda, jirani atasema ana nini? Atasema ni TB. Hapa nitamke wazi, nisije nikaeleweka vibaya: ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe TB. Nenda kwanza, usichelewe, usijiambie kwamba ni mzio wa kuku kwa sababu umesikia redioni. TB ipo, inaua, na matibabu yake yapo. Na ukiwa na homa, pima malaria. Ninalosema ni hili: kipimo kikionyesha huna malaria, na makohozi yakionyesha huna TB, usinyamaze ukarudi nyumbani na dawa za kubahatisha. Hapo ndipo pa kusema, daktari, mimi nafuga kuku; homa hii hunijia usiku ule ninaosafisha banda.

Sentensi hiyo moja inaweza kumwonyesha daktari kile ambacho picha ya kifua haikumwonyesha. Maana hata hiyo picha, katika ugonjwa huu, wakati mwingine hutoka safi. Hakuna kipimo cha kutoboa kidole kinachosema ndiyo au hapana. Daktari anategemea sana maelezo yako: lini inakuja, lini inaondoka, na ulikuwa wapi.

Ulikuwa wapi, hilo ni muhimu. Jiulize: ukisafiri inakuwaje? Umekwenda Malindi kwa arusi, au Mombasa kumwuguza ndugu, ukakaa wiki moja au mbili mbali na kuku. Kikohozi kilipungua? Ulipumua vizuri? Na uliporudi, siku ya kwanza au ya pili bandani, kilirudi? Kama jibu ni ndiyo, mwambie daktari hivyo hivyo. Hiyo ni habari kubwa.

Mpaka hapa nimekaa sana kwenye mapafu kwa sababu ndiko kuna hatari isiyojulikana. Lakini mzio wa ndege una njia nyingine, tena ndiyo wengi wanaijua: ule wa papo hapo. Unaingia bandani, na kabla ya dakika chache kupita pua inatiririka, unapiga chafya mfululizo, macho yanawasha na kuwa mekundu, ngozi inatoka vipele mikononi. Kwa wengine kifua kinabana na kupiga filimbi. Hiyo ni pumu. Wapo waliokuwa na pumu tangu utotoni ikazidishwa na banda, na wapo ambao pumu yao imezaliwa bandani, ukubwani. Pumu ina dawa za kuvuta, na zinasaidia zikitumiwa kama ulivyoelekezwa, siyo siku ya kubanwa peke yake. Ukimwona mtu hawezi kumaliza sentensi kwa kutweta, au midomo inabadilika rangi, hiyo si ya kesho. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Utitiri nao usiudharau. Tumezoea kuuona kama usumbufu wa kuku na muwasho wa mikono yetu, lakini huko nje wataalamu wameukuta utitiri wa kuku ukisababisha mafua na pumu kwa wafanyakazi wa mabanda. Kuwatibu kuku utitiri, basi, ni kujitibu mwenyewe.

Na kuna jambo moja la ajabu kidogo. Baadhi ya watu wazima waliopata mzio kutokana na manyoya ya ndege hufika mahali wakila yai, hasa kiini kisichoiva sawasawa, midomo inawasha au tumbo linachafuka. Ni kwa sababu katika kiini mna protini inayofanana na ile iliyomo katika mwili na manyoya ya ndege. Kwa hiyo mfugaji akikuambia mayai yameanza kumkataa ukubwani, usimcheke.

Lakini si kila kinachochoma macho bandani ni mzio. Ile harufu kali ya kinyesi kilicholowa ni hewa ya amonia, nayo humuumiza kila mtu, mwenye mzio na asiye nao. Chuchumaa mpaka usawa wa kichwa cha kuku. Kama macho yanakuchoma hapo, basi kuku wako wanaishi katika hewa hiyo mchana na usiku, na banda linahitaji madirisha. Vilevile wanaotia chanjo ya kideri ya matone, dawa ikiwarukia jichoni, wanaweza kupata macho mekundu kwa siku chache. Huo si mzio, ni ile chanjo yenyewe. Nawa mikono kabla ya kugusa uso.

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini nazungumzia Tana River hasa? Hapa kwetu kuku wanalala wapi? Wengi wanalala ndani. Tunaogopa mwizi, kicheche, kenge na nyoka. Mtu mwenye kuku kumi hawezi kujenga banda la kifahari, kwa hiyo kuku wanaingia jikoni au chini ya kitanda. Naelewa. Kisha mto ukifurika, kama ulivyofurika wakati wa Elnino ya 1997, na 2018, na tena mwishoni mwa 2023 mpaka 2024, tunahamia kwenye miinuko na kile kidogo tulichookoa. Kuku wako ndio benki uliyoweza kuibeba mkononi. Katika hema moja wanalala watoto, mgonjwa, na kuku. Maji yakishuka tunarudi kwenye mabanda yaliyolowa, matandiko yameota ukungu, na wenye haraka tunayakausha juani na kuyatumia tena. Matandiko ya namna hiyo msiyatumie tena. Yakishaota ukungu, yatupeni shambani yangali na unyevu.

Tena kazi yenyewe imebadilika. Zamani kuku wa kienyeji walizurura uwanjani kutwa nzima, vumbi likachukuliwa na upepo. Siku hizi vikundi vya kina mama na vijana vinaanzisha mabanda ya kuku wa mayai na wa nyama, mamia wakifungiwa chini ya paa moja. Nafurahi kwa hilo. Pesa ya kuku imesomesha watoto wengi. Ninachohuzunika ni kwamba mafunzo yanafundisha kila kitu kuhusu afya ya kifaranga, joto lake, maji yake, chanjo yake ya siku ya saba, na hakuna nusu saa iliyotengwa kwa ajili ya mapafu ya yule atakayemlea. Kuku wana ratiba ya chanjo ukutani. Mfugaji hata kitambaa cha pua anajitafutia.

Na tukumbuke, delta yetu ni nchi ya ndege. Tangu 2012 imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu, ikiwa eneo la sita kwa Kenya, na pale karibu na Idsowe korongo, yangeyange na minandi huzaliana kwa wingi. Walinzi na watafiti wanaofanya kazi huko wanauliza, je, sisi? Hatari yao ni ndogo zaidi, kwa kuwa wako nje na upepo unapita. Wanaoshika ndege mkononi na kukaa chini ya viota vilivyojaa kinyesi kikavu wajikinge. Lakini aliye hatarini zaidi ni yule aliyejifungia na ndege ndani ya kuta nne.

Tufanye nini, basi? Nianze na lile lisilo na gharama. Usifagie banda kavu. Nyunyiza maji kidogo kwanza, vumbi lilale, kisha ukwangue taratibu. Usilijaze maji, kwani unyevu mwingi nao huleta ukungu na amonia. Lowesha kiasi tu. Safisha asubuhi kungali na ubaridi, fungua kila kinachofunguka, na simama upande ambao upepo unatoka, ili vumbi liende mbali nawe. Watoto wasiwepo. Ukimaliza, vua nguo za bandani uziache nje, uoge, ndipo uingie ndani. Usizipeleke nguo hizo kitandani unapomnyonyesha mtoto.

Kuku uliyemchinja umchovye katika maji ya moto kabla ya kumnyonyoa. Wengi mnafanya hivyo ili manyoya yatoke upesi. Basi jueni kwamba kufanya hivyo kunapunguza na vumbi pia.

Kuhusu mahali pa kujenga, wazee wetu wa pwani walizijua pepo. Kusi hutujia kutoka kusini-mashariki, kaskazi hutujia kutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake. Kwa hiyo ukilijenga banda upande wa magharibi wa nyumba, karibu mwaka mzima upepo utaondoa vumbi uende nalo upande wa pili, badala ya kulileta kwenye vyombo na vitanda vyako. Acha nafasi kati ya banda na nyumba. Weka wavu wa waya juu ya ukuta badala ya kuziba mpaka dari. Joto letu lenyewe linaruhusu.

Na barakoa? Nimeulizwa hili sana. Leso iliyofungwa puani inapunguza harufu kidogo, lakini lile vumbi dogo linapita. Barakoa nyepesi za buluu tulizozizoea mwaka 2020 ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila pembeni huachia nafasi. Inayofaa ni ile nene iitwayo N95, inayokaa sawasawa usoni. Kikundi kinaweza kununua chache za siku za kusafisha tu. Lakini nawaomba msije mkaigeuza barakoa kuwa hirizi. Mtu ambaye mapafu yake yameshapata mzio, hata akivaa barakoa, anatakiwa kukaa mbali na ndege. Madaktari wana dawa za kutuliza, lakini dawa bila kuacha vumbi haifiki mbali.

Najua ninachosema ni kizito. Kumwambia mama aachane na kuku ni kumwambia aachane na karo, sukari na heshima yake ya kutomwomba mtu. Sitaki kulipitisha hilo juu juu. Ndiyo maana ningependa jamaa walijadili pamoja. Je, yeye hawezi kushika hesabu na mauzo, mwingine mzima akashika banda? Je, hawezi kubadilisha akafuga mbuzi, au kulima mboga, na kikundi kikamwachia hisa yake? Mume, kijana mkubwa, hii si kazi ya kike. Shika ufagio.

Walioajiriwa katika mabanda ya watu, ninyi mna haki nyingine tena. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, na ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo, inayogusa pia magonjwa yatokanayo na kazi. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2010, limeitaja pumu ya kazini na limeutaja pia ugonjwa wa mapafu wa mzio utokanao na vumbi la viumbe. Kwa hiyo bosi akikuambia kukohoa ni uvivu, mjibu kwa adabu kwamba ugonjwa huo unatambuliwa kimataifa.

Nimalizie kwa wahudumu wetu wa afya, pale Garsen, Ngao, Hola na katika zahanati zote za kando ya mto. Mwaka 2006 kuingia 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa na hapa kwetu Tana River, mlijifunza kumwuliza kila mwenye homa: umeshika mnyama mgonjwa? umechinja? umekunywa maziwa mabichi? Maswali ya namna hiyo huweza kuokoa watu. Nawaomba muongeze moja: je, unafuga ndege, na wanalala wapi? Nanyi wahamasishaji wa afya ya jamii mnaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yenu, ninyi mnaliona tundu la kuku chini ya kitanda ambalo daktari hawezi kuliona akiwa ofisini. Liandikeni. Maafisa wa mifugo, mnapogawa vifaranga, tengeni ile nusu saa ya mapafu ya mfugaji.

Na wewe mfugaji usingoje kuulizwa. Ukienda kituo cha afya juma hili, kwa homa au kwa kikohozi, kabla hujatoka chumbani mwa daktari mwambie: nafuga kuku, nalisafisha banda mwenyewe, na homa hunishika usiku wake. Kisha usiku wa leo, kama kuku wanalala chumba kimoja na watoto, anza kwa kuwahamishia upande wa pili wa ukuta.